Mkono Unaochagua Mbegu
Mashamba ya mtama ya Arua na Koboko, katika West Nile ya Uganda, hayana ukuta. Pembeni mwake, vijiani na kwenye mashamba yaliyolazwa, huota mtama mwitu, ndugu wa damu wa mtama tunaokula, na hao wawili huzaliana bila shida. Mtama huchanua kuanzia ncha ya suke, ukishuka siku baada ya siku. Maua mengi hujichavusha yenyewe, lakini upepo hauachi kupeleka chavua kwa jirani. Chotara anayezaliwa huwa mrefu, amestawi, ila karithi tabia ya mwitu: punje zikiiva tu, zinapukutika chini.

Kwa nini basi mtama wetu haujamezwa na mwitu? Kwa sababu ya akina mama wanaochagua mbegu, na kazi yao naiheshimu mno.

Mchaguaji stadi hangoji mavuno yafike uwanjani kupurwa. Punje ikishaachana na shina lake, haiwezi tena kueleza ilikotoka. Huingia shambani masuke yangali yamesimama, akatazama urefu wa shina, rangi ya makapi, na nani kaota jirani. Suke la ukingoni, karibu na mwitu, litaliwa; halitapandwa, hata liwe limenona vipi. Yaliyobaki huyashika moja moja, akiyasugua polepole kwa dole gumba. Punje ikitoka, huangalia pale ilipokatikia. Ya mwitu huacha kovu laini, safi. Ya mtama wa kulimwa hung'ang'ania hadi ichanike, ikaja na kipande cha kikonyo. Yaliyofaulu hufungwa pamoja na kutundikwa juu ya meko, moshi uyakinge na fukusi.

Wanaakiolojia waliochunguza vigae vya mashariki mwa Sudan, vyenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, walitumia kovu hilohilo kuutenga mtama wa kulimwa na wa mwitu. Katika udongo wa vyungu vile alama za yote miwili zilikuwamo.

Mwaka 1968 Hugh Doggett na B. N. Majisu, waliotafiti mtama hapa Afrika Mashariki, walieleza mvutano huu: mkulima anavuta huku, maumbile yanavuta kule, na chavua inaendelea kuvuka katikati. Mimi naona ustadi mkubwa zaidi hapo katikati. Mchaguaji mzuri hafungi mlango kabisa. Suke geni lisilopukutika, lenye punje za kuridhisha, huliweka kando alijaribu msimu ujao, na kwa njia hiyo damu ya mwitu huingia ghalani kidogo kidogo, ikiongeza aina badala ya kuharibu.

Ninyi mnaogawa mbegu West Nile, kabla hamjafungua magunia yenu, ingieni shambani na akina mama hawa mkawaulize wametundika nini juu ya meko, na kwa nini. Mbegu hizo zikiliwa zote katika mwaka mmoja wa njaa, hakuna duka Arua litakalozirudisha.