Gia ya Mashine ya Kahawa na Kompyuta Inayoichora

Kahawa mbivu ikishachumwa haingoji. Inatakiwa imenywe siku ileile, la sivyo inachacha na daraja lake linashuka. Gia ya mashine ya kumenyea ikivunjika meno katikati ya msimu, huko Kibosho au Machame, hakuna muda wa kuagiza kipuri ng'ambo. Mwenye mashine anateremka Moshi mjini na gia yake kwenye kiroba, na safari ya kompyuta inaanzia hapo, juu ya meza ya karakana.

Tuchukue gia ya meno 18. Venia inasoma kipenyo cha nje milimita 84.5. Gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mawili, yaani 20, unapata 4.225. Hiyo ndiyo moduli, kipimo cha ukubwa wa jino, na kwenye jedwali la metriki utaikuta 4 au 4.5, 4.225 haimo. Fundi mwenye haraka anaandika 4. Programu ya kuchora haimkatalii, inamchorea gia nzuri inayozunguka kwenye skrini, kumbe kipenyo chake ni milimita 80 na haitamfikia mwenzake.

Jibu liko kwenye inchi. Afrika Mashariki zimo mashine za kahawa za zamani zilizotoka Uingereza, kama za McKinnon wa Aberdeen, na Waingereza wa enzi hizo walihesabu meno kwa kila inchi ya kipenyo. Inchi moja ni milimita 25.4; igawe kwa meno 6, unapata 4.233. Gia hii basi ilitoka kiwandani na kipenyo cha 84.67, na kinachopungua kimeliwa na miaka ya kazi. Skana ya 3D, ambayo sasa inasifiwa sana, ingenakili jino pamoja na kulika kwake. Naipenda kwa maumbo yaliyopinda yasiyopimika kwa venia, lakini kwa gia nataka mtu anayejua kugawanya.

Ikiwa gia itasubiwa, kuna hesabu nyingine. Chuma cha kusubu kikipoa hunywea kwa takriban asilimia 1, hivyo kielelezo cha kalibu lazima kiwe kikubwa kuliko gia yenyewe. Mafundi wa zamani walikuwa na rula maalumu iliyorefushwa kiasi hicho. Leo ni amri moja: kuza mara 1.01, kisha ongeza nyama ya kukereza. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria miaka ambayo mchoro ulikuwa karatasi na kalamu. AutoCAD yenyewe, programu ya kuchora kwa kompyuta, ilitoka mwaka 1982. Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) limekuwa likikifufua kiwanda hicho, na hesabu ya kunywea kwa chuma haijabadilika hata chembe.

Na kompyuta gani? Hapa watu wengi hupoteza fedha. Programu za kuchora vipuri hufanya sehemu kubwa ya hesabu za umbo kwa kiini kimoja tu cha prosesa, hatua baada ya hatua. Prosesa yenye viini vichache vyenye kasi kubwa itaishinda yenye viini 16 vya polepole. Viini vingi vinalipa kwenye uchambuzi wa mikazo, pale kipande kinapogawanywa maelfu kwa maelfu. Kwa karakana ya Moshi, kompyuta ya mezani iliyotumika ya daraja la kihandisi, RAM ya GB 16 na diski ya SSD, inatosha kabisa. Kinachobaki kiende kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili inaweza kuharibika.

Mabadiliko yanayonisumbua yako kwenye leseni. Mwaka 2016 Autodesk, kampuni ya AutoCAD, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa unalipa kodi kila mwaka, usipolipa mlango unafungwa na michoro yako iko ndani. Mwaka 2020 leseni ya bure ya Fusion, programu yake nyingine ya kuchora, kwa matumizi binafsi iliwekewa kikomo cha michoro 10 inayoharirika kwa wakati mmoja. Karakana ya kipato cha msimu haiwezi kuishi hivyo. Ndiyo maana nimeifuatilia FreeCAD, programu huria, kwa miaka mingi. Ilikuwa na ugonjwa mbaya: ukibadilisha hatua ya mwanzo, hatua za mbele zinapoteza nyuso zilizoshikilia na mchoro unavunjika. Toleo la 1.0, la Novemba 2024, lilipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na sasa naweza kumpa kijana anayeanza bila wasiwasi.

Gia ikishachorwa naihifadhi kama faili ya programu, kisha kama STEP, muundo wa kimataifa unaofunguka kwenye karibu kila programu ya uhandisi. Halafu naichapa kwenye karatasi ya A3 na kuandika kwa mkono pembeni: meno 18, ya inchi, 6 kwa inchi ya kipenyo, chuma cha kusubu. Gia mwenzake ikivunjika mwakani, kazi itaanzia kwenye karatasi hiyo.