Nani Atamwongoza Mgeni wa Kwihara?

Mgeni afikaye Tabora akauliza ni kitu gani cha kutazama, huelekezwa Kwihara kabla ya mahali pengine pote. Huko, mwendo mfupi kutoka mjini, lipo tembe liitwalo la Livingstone: nyumba ya udongo iliyojengwa upya, yenye mlango wa nakshi na kumbukumbu chache ndani yake. Mgeni huambiwa kwamba Stanley alikaa hapo mwaka 1871, vita vya Mirambo na Waarabu vilipoifunga njia ya Ujiji. Kwamba Februari 1872 alirejea pamoja na Livingstone. Kwamba mwezi uliofuata alishika njia ya pwani, na Livingstone akabaki kungojea wapagazi hadi tarehe 25 Agosti, alipoondoka. Hayo yote ni kweli. Lakini Livingstone alikuwa mgeni katika nyumba hiyo, si mwenyewe, na kati ya nyumba nyingi za Unyanyembe hii ndiyo iliyopata sifa kwa kuwa kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 kiliipa sifa. Kwa hiyo aizuruye Kwihara husoma kitabu hata kama hajapata kukifungua. Dai langu katika kurasa hizi ni kwamba husomeshwa kitabu kisichomfaa, na kwamba kimfaacho zaidi kipo katika Kiswahili, ingawa nacho kina ila yake kubwa.

Si ajabu mahali kufanywa na kitabu. Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni nchi ya maziwa ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, ambako watu hufika kwa makundi kupanda milima, kupiga makasia na kutembea siku nzima kwa miguu bila ya haja yoyote ila kutembea. Mwaka 1778 Thomas West alitoa kitabu kilichomwonyesha mgeni hata mahali pa kusimama ili ziwa lipendeze machoni. Mshairi Wordsworth akaandika chake, kilichotoka kwanza mwaka 1810 bila ya jina lake na kukamilika mwaka 1835. Wengi hudhani Wordsworth alifundisha watu kutazama milima tu. Asomaye kwa makini huona zaidi ya hayo: kuta za mawe, nyumba ndogo na mashamba ya wachungaji anayahesabu kuwa ndiyo yaliyoipa nchi ile sura yake. Yaani uzuri ule una wenyewe, tena ni watu wenye mikono migumu. Jambo hili waigaji wake wamelisahau, nasi twalihitaji mbele.

Nchi zetu nazo zilipewa jina la namna hiyo. Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya siku hizo, tarehe 7 Novemba 1857, alitoa mwaka 1860 kitabu cha juzuu mbili juu ya nchi za maziwa za Afrika ya Kati. Sehemu kubwa ya aliyoyajua juu ya nchi zilizo mbali na njia aliyasikia barazani kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyempokea. Kitabu kina elimu nyingi. Kina na dharau nyingi pia. Ni kazi ya mtu aliyepita akitazama, ambaye kila mara hujiweka juu ya anachokitazama, na Stanley baadaye alirithi macho hayo hayo.

Sasa na tulinganishe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Tabora ilikuwa nyumbani kwa baba yake, Muhammed bin Juma, aliyekuwa amemwoa Karunde, binti wa mtawala wa Unyanyembe. Mtu huyu aliijua njia ya bara kuliko Burton na Stanley wakiwekwa pamoja. Lakini msomaji atafutaye humo mlima, machweo au sauti ya ndege atafunga kitabu mikono mitupu. Atapata nani alikwenda wapi, alikuwa na bunduki ngapi, alilipa nini, nani alimsaliti, chakula kilipatikana au hakikupatikana. Sentensi zake ni fupi, zafuatana kama watu katika safu. Hali kadhalika, kwa kiasi kikubwa, ni zile habari za safari alizozikusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, ambamo Selemani bin Mwenye Chande asimulia safari yake hata Ziwa Tanganyika.

Wako wahakiki wasemao kwamba hapo pana upungufu: kwamba mwandishi wa Kiswahili wa zamani hakuwa na jicho la mandhari. Sikubaliani nao hata kidogo. Hukumu hiyo yapima prosa ya njia kwa kipimo cha matembezi. Atembeaye kwa hiari, akijua kwamba jioni atakuta chakula na kitanda, aweza kusimama kutazama mlima. Mwenye kuongoza mamia ya watu katika nchi kavu hutazama kisima. Huyo naye anaiona nchi, tena ameiona vizuri sana, ila ameiandika kwa lugha ya mahitaji.

Na kama twataka kujua watu wa misafara waliiweka wapi sura ya nchi, tuyatazame majina ya mahali na maneno ya mwendo. Baada ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, walivuka nyika waliyoiita Marenga Mkali. Baada ya Ugogo, kabla ya kufika Unyamwezi, walivuka pori la Mgunda Mkali. Marenga ni maji kwa lugha za bara, na mgunda ni shamba. Mkali ni Kiswahili. Kila jina lina nusu ya bara na nusu ya pwani, kama misafara yenyewe ilivyokuwa. Mwanafunzi wa sarufi na aangalie pia kwamba marenga hayakupata upatanisho wa ma-: hayakuwa makali, yalibaki mkali. Hiki ni Kiswahili cha njiani, kilichokuwa na haraka kuliko sarufi. Kisha liko neno terekeza: kuondoka kambini mchana, baada ya watu kula na kunywa, ili kulala mahali pasipo na maji na kuyafikia maji siku ya pili. Neno moja lina jua, kiu, hesabu ya saa na hofu. Mshairi wa Kiingereza angehitaji ubeti mzima.

Hivyo kama ningeambiwa nimchagulie mgeni wa Kwihara kitabu, ningemchagulia Tippu Tip. Lakini hapa ndipo ilipo ila niliyoitaja. Kitabu hiki kinaijua njia, bali hakiwajui walioibeba. Asimulia mwenyewe jinsi wapagazi walivyomtoroka katika safari moja, naye akaingia vijiji vya Uzaramo, akakamata watu kwa nguvu na kuwatwisha mizigo; asimulia kwa utulivu, karibu kwa kujisifu, na sentensi hairefuki wala haifupiki kwa ajili yao. Pembe zina uzito katika kitabu chake, mabega hayana. Watumwa hupita kama idadi. Ufupi ule niliousifu punde, ambao ni adabu ya mtu wa kazi, hapa hugeuka kuwa mlango uliofungwa. Mhakiki asiyeyasema yote mawili kwa pamoja hajakisoma kitabu.

Upungufu huu hauwezi kujazwa kwa kitabu kimoja, maana wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kuiona safari ya pwani kuwa fahari ya ujana, hawakutuachia maisha yaliyoandikwa. Stephen Rockel amewatafuta kwa bidii katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, na kila mwenye kusema juu ya Tabora angefaa kukisoma.

Swali hili si la darasani tu. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, nayo yataja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema. Lakini hizo ni nukta sita katika mstari mrefu, na mgeni huzifikia kwa gari, akishuka, akitazama, akipanda tena. Wordsworth mwaka 1844 aliipinga reli ya Windermere akihofu makundi ya watu. Reli ikafika mwaka 1847, na makundi yakafika, yakashuka kwenye treni yakaanza kutembea. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo iliwaondoa watembeao. Sehemu nyingi za njia ya zamani hazina alama sasa ila miembe. Ikiwa siku moja mgeni atapewa nafasi ya kutembea hata nusu siku katika miombo ya Unyanyembe, atajifunza juu ya Mgunda Mkali kuliko atakavyojifunza mbele ya kabati la kioo. Ila asitembezwe kwa jina la mandhari mazuri. Njia waliyopita watu wakiwa minyororoni haifai kutangazwa kama ufuo wa ziwa.

Na habari ya kumpa afikapo Kwihara ipo, wala haitaki kubuniwa. Livingstone alikufa Mei 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake, akina Susi na Chuma, pamoja na Jacob Wainwright ambaye aliweka kumbukumbu ya maandishi, waliukausha mwili wakauchukua. Oktoba walifika Unyanyembe na kumkuta Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Waliposikia, huko mbele, kwamba wenyeji hawataruhusu maiti kupita katika nchi yao, walitengeneza maiti ya uongo, wakaituma irudi Unyanyembe kana kwamba inakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya, ukafanana na mtumba wa nguo. Bwana aliyeipa nyumba ya Kwihara jina lake alifika Bagamoyo Februari 1874 akiwa mzigo miongoni mwa mizigo, na waliouchukua ndio walioamua upite njia gani.