Tazama Geti Kwanza

Ukikaa kwenye banda la video hapa Ziba, wilayani Igunga, usihangaike na sura ya nyota kwenye kava. Tazama geti. Gari linafika, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia taratibu, mgeni anashuka, anabisha hodi, dada wa kazi anakuja kufungua mlango. Dakika zimekwenda, hadithi iko palepale. Hapo mwenye kauli hakuwa mwongozaji. Lilikuwa soko la DVD, lililozoea kuigawa hadithi moja sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili.

Ndiyo maana marehemu Steven Kanumba, mtoto wa jirani zetu wa Shinyanga, apimwe kwa haki. Alikuwa na kampuni yake, Kanumba The Great Film, na mwaka 2011 aliigiza na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Lakini kuchagua nani acheze ni nusu tu ya uhuru. Urefu wa filamu na kasi ya kuzitoa viliendeshwa na soko. Alifariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Kwangu mimi, kipaji chake kilizizidi filamu zake.

Mtazame sasa mwongozaji Amil Shivji: Shoeshine mwaka 2013, T-Junction 2017, Vuta N'Kuvute 2021. Hakwenda mbio. Hii ya mwisho, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, aliiandikia skripti pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Kumbe kushika usukani si kufanya kila kitu peke yako. (Jina moja likijaa bango zima, mimi huuliza: nani alithubutu kumwambia akate?) Pima kilichobaki kwenye picha. Filamu ilizinduliwa Toronto, lakini wahusika wanazungumza Kiswahili, na penzi la Yasmin na Denge linaachwa liive polepole katikati ya siasa za kudai uhuru Zanzibar. Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, filamu yake ya pili kupelekwa huko baada ya Maangamizi.

Wenye mabanda, katikati ya filamu zenu za ngumi, iwekeni Vuta N'Kuvute siku moja. Haifiki saa mbili, na haina sehemu ya pili.