Rimu za Mpwa Wangu

Katika miaka niliyokaa nyuma ya madarasa nikikagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wangu, nilijifunza kutofautisha mwalimu mwepesi wa kujibu na mwalimu anayeeleweka. Mara nyingi watu hudhani ni mtu mmoja. Nimeikumbuka tofauti hiyo juzijuzi nikiwa nyuma ya usukani wa gari lililokuwa langu, Toyota Corolla ya miaka ya tisini niliyomwachia mpwa wangu, ambaye amelivalisha rimu za inchi 15.

“Shikamoo, mjomba,” alisema akinipa ufunguo. “Leo utaonja usukani.”

Kibandiko kilicho mlangoni kinaagiza tairi za 175/70R13. Yeye amefunga 195/50R15. Kwa msomaji ambaye hajawahi kusumbuka na tarakimu hizi, ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nilikaa na penseli nikahesabu. Kipenyo cha gurudumu zima, la zamani na la sasa, hakitofautiani hata milimita moja. Kwa hilo nampongeza, maana wapo wanaofunga 195/60R15 kwenye gari kama hili. Gurudumu linakuwa na milimita 615 badala ya 575, spidomita ikisoma 80 gari liko kwenye 85, na tairi inasugua madigadi kila kona. Fundi wake alimwambia kwamba kipenyo kikiwa kilekile hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi. Ubavu wa tairi umeshuka kutoka milimita 122 hadi 97, na ubavu ndio unaozungumza na dereva.

Nieleze. Hisia ya usukani haizaliwi kwenye usukani. Huzaliwa kule chini, kwenye kipande cha mpira kinachogusa lami, ambacho kwa gari la uzito huu hakizidi sana kiganja cha mkono. Ukikata kona, rimu hutangulia, mpira hubaki umeng’ang’ania lami, na ubavu hujisokota kati yao. Nguvu inayolipindisha gari haikai katikati ya kile kiganja bali nyuma yake kidogo. Ndiyo maana usukani hutaka kujirudisha wenyewe, na mikono ikaona uzito. Tairi inapokaribia mwisho wa uwezo wake, nguvu hiyo husogea kuelekea katikati na uzito hupungua, tena hupungua kabla tairi haijaachia barabara. Dereva mgeni husema usukani umekuwa mwepesi. Mwenye uzoefu huondoa mguu kwenye mafuta.

Sasa ongeza upana. Uzito wa gari ni uleule, upepo ni uleule, kwa hiyo eneo linalogusa lami halikui sana kama wengi wanavyodhani. Kinachobadilika ni umbo. Kiganja huwa kipana na kifupi, na ile nafasi ya nguvu kukaa nyuma ya katikati hupungua pamoja na urefu wake. Fupisha na ubavu, msokoto unapungua. Unapata usukani unaoitika upesi, sikatai. Ukiugusa tu, pua ya gari imegeuka. Lakini ile habari ya mwisho huja imechelewa na imefupishwa.

Wanaodai kwamba usukani hauwi mzuri bila rimu kubwa wamesahau mambo mengi. Mini ya Alec Issigonis, iliyosifiwa kwa usukani wake tangu ilipotoka Uingereza mwaka 1959, ilikuwa na magurudumu ya inchi 10. Nasi wa Afrika Mashariki tuliiona Peugeot 404 ikishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa hapa Tanzania. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilivaa tairi nyembamba za milimita 165, na usukani wake haukuwa na msaada wowote wa pampu. Aliyewahi kuliendesha kwenye vumbi anajua jinsi lilivyokuwa likikueleza kila jiwe.

Nilipanda nalo gari la mpwa wangu kutoka Mombo kwenda Lushoto, mvua ikinyesha. Kona chache za mwanzo nilifurahi kama kijana. Kisha, kwenye kona moja ya kushoto, gari lilikoma kunisikiliza. Mikono haikuambiwa lolote. Nilijua kwa macho tu, nilipouona mstari wa katikati ukipita chini yangu na lori la kabichi likishuka mbele yetu. Dereva wa lori alikuwa mtu wa busara, akabana upande wake. Mpwa wangu hakusema neno mpaka tulipofika Soni.

Wiki iliyofuata, tulipata siku nyingine ya mvua, nikapanda tena na rimu za chuma za inchi 13. Kona ileile, mwendo uleule kadiri nilivyoweza kukisia. Usukani ulilegea mkononi, nikapunguza, tukapita.

Lakini mkaguzi hana budi kuwa mwadilifu. Tairi zile pana zilikuwa za mtumba, na ubavuni zina tarakimu 2314, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zilikuwepo, ila mpira ulikwisha kuwa mgumu. Sehemu ya lawama ni ya umri, na sitaitwika vipimo peke yake. Hata hivyo, umri hauwezi kueleza jinsi usukani ulivyokuwa ukivutwa kila gurudumu lilipoangukia shimo. Rimu zile zimetokeza nje kwa upana wa vidole viwili, na kadiri gurudumu linavyosogea mbali na mhimili wake wa kugeukia, ndivyo shimo linavyopata wenzo mrefu wa kukunyang’anya usukani. Hapo tairi mpya isingesaidia.

“Lakini mjomba,” alilalamika, “zile za chuma hazina sura.”

Nilikubali, hazina sura. Tumepatana kwamba masika na vuli atafunga za inchi 13, na kiangazi, akipata tairi mpya, tutazungumza. Kwa sasa rimu zake ziko nyumbani kwangu nyuma ya kabati la vitabu, na kila akija kunisalimu hupita kwanza kuzitazama.