Kauntabuku ya Safari

Mtu aliyekulia kati ya Embu na Meru hadanganywi na kilomita. Barabara inayounganisha miji hiyo miwili haifiki kilomita 150, lakini kila mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya umejichimbia bonde lake, na barabara lazima iyavuke yote: Thuchi, Nithi, Mutonga, unateremka hadi darajani, unapanda, kona inafuata kona. Ukimuuliza mzee wa Chuka, Meru ni mbali kiasi gani, atakujibu kwa saa, na kabla ya kukujibu atataka kujua unasafiri na nani. Swali lake ndilo linalobeba ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kupanga safari ndefu ya familia kwa gari.

Katika ukoo wetu fundi huyo ni dada yangu mkubwa. Safari aliyoipanga kwa uangalifu kuliko zote ni ya kutoka Meru hadi Livingstone, Zambia, kwenye Maporomoko ya Victoria: unapita Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa, Mbeya, unavuka mpaka Tunduma, kisha unaikata Zambia kutoka kaskazini hadi kusini. Ni zaidi ya kilomita 3,000 kwenda tu. Aliiandika yote kwa kalamu katika kauntabuku, na nimeisoma kauntabuku ile kama wengine wanavyosoma riwaya.

Ukurasa wa kwanza hauna barabara hata moja. Una kalenda tatu zilizopangwa bega kwa bega: ya shule, ya mvua na ya kahawa. Zinakutana Agosti. Watoto wako likizoni, masika yamekwisha na kule kusini ni kiangazi, nazo kahawa za mwisho wa mwaka bado ni mbichi mtini, kwa hiyo hakuna atakayeacha mavuno nyuma. Zaidi ya hayo, mwezi huo Zambezi bado ina maji ya kutosha. Familia ikichelewa hadi Oktoba au Novemba inaweza kusafiri siku zote hizo na kukuta, upande wa Zambia, mwamba mkavu mahali ilipotarajia maporomoko.

Kisha zinakuja karatasi. Hapa dada yangu hana haraka hata kidogo, na ninamwelewa, kwa kuwa karatasi moja ikikosekana mpakani gari zima linasimama na kila aliyemo. Kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya gari: bima ya COMESA, inayomlinda utakayemgonga katika nchi ya watu. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kadi hiyo bado inaitambua. Nyingine ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinachoanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na ambacho, tangu 2016, hudumu maisha yote. Gari likiwa bado na deni, logibuku ina jina la mkopeshaji pia, basi inatakiwa barua yake ya ruhusa. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja hubebewa cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi aliyebaki.

Kuna ukurasa ambao mtu wa mahali pengine asingeufikiria. Sisi tunatoka kwenye nchi ya miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere, mazao yanayolipa karo mchana kweupe. Ukishavuka Namanga, jani lilelile ni dawa ya kulevya mbele ya sheria ya Tanzania. Gari la familia hapa kwetu hubeba kila mtu na kila kitu, na huwezi kujua nani alisahau nini chini ya kiti. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari viti vinatolewa, zulia linakung'utwa, mifuko ya makoti inageuzwa nje. Mifuko ya plastiki nayo inabaki nyumbani. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019, na vyondo vya nyanya yetu vinabeba mizigo vizuri zaidi.

Kwenye mambo ya fundi wa magari kauntabuku ni fupi: breki kwanza, bushi, tairi ya spea yenye upepo, na gari lijaribiwe kwa kuteremka Nithi likiwa limejaa watu, si likiwa tupu.

Moyo wa mpango uko kwenye kurasa za siku zenyewe. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ya baadaye timu zilizotaka kushinda zilipita njia mapema zikiandika kila kona ili dereva ajue aende kasi gani. Dada yangu pia anaandika kila kona, ila kipimo chake ni yule anayechoka kwanza. Nyanya ana magoti mabaya, hivyo kila saa mbili kuna mahali pa kushuka, penye kivuli na choo ambacho hakihitaji kuchuchumaa. Mtoto wa mwisho hutapika kwenye kona, hivyo anakaa dirishani na anakunywa uji wa wimbi tukishafika Mwea ambako barabara imenyooka. Katika vijiji vya Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa na polisi wanaulinda, kwa hiyo Arusha hadi Dodoma inahesabiwa kuwa siku nzima, na siku hiyo inapambwa kwa kusimama Kolo, Kondoa, watoto waone michoro ya kale kwenye miamba. Usiku wa Mbeya umewekwa ili tufike Tunduma asubuhi, kabla jua halijawaka juu ya foleni ya malori. Ukivuka tu, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Ameandika nyakati zote mbili, maana tumbo la mtoto linafuata saa ya Meru.

Kupanga safari kwa kipimo cha anayechoka kwanza si jambo geni kwetu. Wameru husimulia kwamba mababu walitoka Mbwaa, pwani, wakiongozwa na Koomenjwe, wakavuka maji kwa zamu. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Wa alfajiri Ndune, wekundu. Wa mchana Njeru, weupe. Wataalamu wanaweza kujadiliana Mbwaa ilikuwa wapi. Mimi katika simulizi hilo husikia kazi ya mtu aliyetazama umati wenye vikongwe na watoto wachanga akajua kwamba hawawezi kuvuka kwa mkupuo mmoja. Na ninaona heshima kubwa katika jambo hilo, kwamba ukoo mzima unakumbuka ulivuka saa ngapi.

Kutoka Livingstone familia inaweza kusogea hadi Botswana kwa daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa 2021 mahali ambapo zamani magari yalisubiri pantoni. Lakini Botswana inalinda ng'ombe wake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo nyama yoyote iliyobaki inaliwa Zambia.

Kurasa za kurudi ni nyingi kuliko za kwenda, na hapo ndipo ninapomwamini dada yangu zaidi. Wengi hupanga kufika, wakarudi kwa pupa, dereva amechoka, watoto hawana tena cha kutazamia. Yeye ameongeza usiku mmoja Iringa, akagawa upya zamu za usukani, akaweka kando pesa za mafuta za siku ya mwisho ndani ya bahasha isiyofunguliwa kabla ya Namanga. Ameandika pia kwamba kutoka Nairobi tusiondoke alasiri, ili mabonde ya baada ya Embu tuyavuke kungali mchana.