Ufundi wa Kutikisa Ngome

Mchezo wa kompyuta uitwao Dwarf Fortress ni kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, na ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Mchezaji hupewa kikundi cha vibete, akawaongoza kuchimba mlima na kujenga ngome ndani yake. Kabla ya sururu ya kwanza, programu huumba dunia nzima: inainua milima, inanyesha mvua, inaacha mito ile kingo zake, inapanga matabaka ya mwamba na madini yanayoafikiana nayo. Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliuchukua mchezo huo mwaka 2012, na kwa maoni yangu lilifanya haki.

Lakini dunia hiyo ikishaumbwa, ardhi yake hutulia. Volkano ina uji wa moto utakaomwagika ukiutoboa, ila yenyewe hailipuki. Paa huporomoka kwa sababu umeondoa kilichokuwa kikilishikilia, basi. Matetemeko hayapo.

Sisi wa Mkoa wa Songwe, Tanzania, tunajua ardhi ya namna nyingine. Tarehe 13 Desemba 1910 bonde la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika Mashariki, na bonde hilo la ufa bado linapanuka, polepole mno. Anayetaka kuongeza tetemeko katika gemu anaweza kurusha dadu tu: namba ikiangukia sita, kuta zibomoke. Huo si ufundi. Mchezaji atajiona ameonewa, tena atakuwa na haki.

Fundi wa kweli huanza na sababu. Kila ufa anaupa akiba ya msukumo inayokua mwaka hadi mwaka, na kila mwamba kiwango chake cha kuvumilia. Ufa ukiteleza, mzigo unapungua pale na kuongezeka kwa jirani, hivyo tetemeko la leo linaandaa la kesho. Kompyuta haiwezi kupiga hesabu hiyo kwa kila jiwe kila sekunde; basi anahesabu kwenye nyufa peke yake, mara moja kila msimu, na mchezaji hatambui kilichorukwa. Kujua cha kuacha, hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Na si kila tukio ni kishindo. Tuna mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja unaingia Ziwa Rukwa, na kandokando yake chemchemi za moto zimekuwa zikilaza chokaa, tabaka juu ya tabaka. Katika gemu, chemchemi kama hiyo ingeweza kuzibwa na tetemeko na kufumuka kwingine, chini ya ghala la nafaka kwa mfano. Mto wa pili unapita Ileje ukaishia Ziwa Nyasa, nao ni mpaka wetu na Malawi. Ukifika tambarare za chini hujipinda, na baada ya mafuriko huweza kuhama njia, shamba likajikuta ng'ambo ya maji. Ngome iliyotegemea mto kama handaki lake ingepata taabu hiyo bila adui yeyote kufika.

Kilichobaki ni dalili, na hizo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanazo. Duara, yaani shimo lao la kuchimbia, huegemezwa kwa matimba ya miti, na mti una sifa moja ambayo chuma hakina: hulia kabla ya kuvunjika. Kwanza mlio mwembamba, kisha vumbi linadondoka kwenye maungio, halafu vijiwe. Mwenye masikio anapanda juu wakati huo. Ngome ya kwenye skrini nayo ilie hivyo, maji ya kisima yapande au yashuke, vumbi lionekane.

Mafaili ya mawe ya Dwarf Fortress ni maandishi ya kawaida. Kijana wa Tunduma au Vwawa anaweza kuyafungua na kuongeza chokaa yetu. Kutikisa ni kazi kubwa zaidi, lakini zana ya wachezaji iitwayo DFHack hupokea programu ndogondogo zilizoandikwa kwa lugha ya Lua, na mlango ni huo. Swali gumu atakalokutana nalo mapema ni hili: vumbi lidondoke kwa muda gani kabla ya paa kushuka?