Mistari ya Ukambani

Kivuthi Mbuno alizaliwa Mwingi, Ukambani, mwaka 1947, na kabla ya kujulikana kwa michoro yake alikuwa mpishi wa safari za kitalii. Alizunguka nyika za Kenya na Tanzania akiwapikia wageni. Kazi hiyo ina saa nyingi za kungoja chungu kitokote, na anayengoja porini hutazama.

Hakusomea sanaa. Vifaa vyake ni wino, penseli za rangi na karatasi. Hapo huzaliwa twiga, fisi na wawindaji wembamba, nyuma yao nyika na vilima. Usitafute kwake picha ya kamera: shingo hurefuka, migongo hupinda, mtu na mnyama hukaribiana umbo. Wanyama wakiondolewa, kinachobaki ni mistari na rangi tupu, na hapo Mbuno anaingia katika sanaa dhahania bila kuaga mandhari ya kwao. Wino haufutiki, mkono unaochora hivyo umekwisha kuamua.

Uamuzi huo wa mstari Ukambani ni wa wengi. Nenda Machakos uangalie vilima vya Iveti na Mua, vilivyochorwa matuta kutoka juu hadi bondeni. Katika miaka ya 1930 udongo wa huko ulikuwa ukisombwa na mvua, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga. Naye akahamishiwa Lamu. Mwishowe ardhi iliokolewa kwa majembe. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, wanawake wakiwa wengi, vilichimba mitaro ya fanya juu, udongo ukitupwa upande wa mlimani. Tuta zuri halipandi wala halishuki. Linazunguka kilima kwa kimo kilekile, likijipinda kila kilima kinapojipinda, ili maji yatulie yanywewe na ardhi.

Ni uchoraji mkubwa kuliko wowote unaoweza kutundikwa ukutani.

Mikono hiyohiyo iliyochimba mitaro husuka vyondo, yaani vikapu vya katani, mikanda ya rangi ikipokezana bila sura ya mtu wala mnyama, na hakuna anayeuliza mkanda wa kahawia unamaanisha nini. Huko Wamunyu, wachongaji wameiendeleza kazi ya mti tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Twiga wao wamefika kila duka la watalii, na kwa bahati mbaya wakaufunika ufundi usiosafirishwa kirahisi.

Michoro ya Mbuno iliingia katika mkusanyo wa sanaa wa Jean Pigozzi, ulioko Geneva. Heshima hiyo anastahili kabisa. Lakini ingefaa michache itundikwe Machakos, katika ukumbi wenye dirisha linaloelekea Iveti, ili mwanafunzi wa sekondari atazame karatasi, kisha kilima, kisha karatasi tena, na aombe penseli za rangi.